Programu Inasoma Inachopewa

Pale idara ya maji walimwita Injinia, ingawa uinjinia hakuusomea. Alisomea kompyuta. Kazi yake kubwa ilikuwa moja kwa mwezi: kupokea vipimo vya visima arobaini na viwili vya mji na viunga vyake, kuvipitisha kwenye programu aliyoiandika mwenyewe, na kutoa karatasi moja inayosema kisima kipi ni salama na kipi kifungwe. Siku nyingine zote alikuwa akizibua printa zilizomeza karatasi na kuwatafutia watu wazima mafaili waliyoyahifadhi wenyewe wasijue wapi.

Vipimo vilitoka kwa mjomba wake. Huyu alikuwa kaka wa mama yake, tumbo moja, mtu wa miaka hamsini na minane, mwembamba, mwenye mwendo wa haraka, na ofisi nzima ilimwita Chupa kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona mikono mitupu. Alizunguka visima vyote kwa pikipiki, kreti la chupa limefungwa nyuma. Alichota maji, akarudi nayo maabara, akayachuja, akaviweka vichujio kwenye visahani, akavitia visahani kwenye kabati la joto, na kesho yake akahesabu vidoadoa vya bluu vilivyoota. Kila kidoadoa ni kundi la vijidudu. Kisahani kikiwa kitupu, maji ni safi. Hesabu aliiandika kwenye kompyuta ya maabara, akaitia kwenye flashi, akaipeleka kwa mpwa wake.

"Mpwa wangu, mzigo huo," ndivyo alivyosema kila mwezi, akiiweka flashi mezani kwa kishindo kama mcheza karata aliyeshika turufu.

Ni yeye aliyemwambia, miaka minne nyuma, kwamba idara inatafuta mtu wa kompyuta. Siku ya usaili alimsubiri nje ya geti tangu asubuhi, akijifanya anatengeneza pikipiki isiyo na ubovu wowote.

Mwanzoni Injinia aliiendesha programu yake kwa njia ya zamani. Alifungua lile dirisha jeusi lisilo na picha, akaandika jina la programu, akafuatisha alama ya mshale unaoelekea kushoto, kisha jina la faili la mwezi huo. Mshale ule ndio unaoiambia programu: usingoje mtu akuandikie kwa kibodi, kila unachokitaka kimo ndani ya faili hili. Ilikuwa kazi ya dakika moja, na kila mwezi ilimlazimu aandike jina la faili kwa vidole vyake, herufi kwa herufi, akiliona.

Baadaye akachoka. Ile programu kubwa ya kuandikia programu, ambayo alishinda ndani yake kutwa na ambayo yeye aliiita karakana kwa kuwa kila chombo cha kazi kimo humo humo, ilikuwa na njia nyepesi zaidi. Ndani ya mipangilio yake kulikuwa na kisanduku kidogo. Ukikitia tiki na kuchagua faili, basi kila ubonyezapo pembetatu ya kijani juu ya skrini, programu yako inasoma faili hilo. Huandiki kitu. Hukumbuki kitu. Wala huoni kitu, ila hilo la mwisho hakulifikiria.

Jumatatu moja ya mwezi wa sita, taarifa ikiwa inatakiwa kwa Mkuu wa idara saa tano asubuhi, alichagua faili jipya la mjomba wake, akabonyeza pembetatu, na programu ikaanguka. Akabonyeza tena, ikaanguka tena. Alipochungulia akagundua kwamba Chupa, kwenye kipimo cha dawa ya maji, ameandika sifuri mkato nne badala ya sifuri nukta nne. Mkato mmoja tu, na programu nzima chali.

Hakutaka kuchezea vipimo vyenyewe. Alichukua faili la mwezi wa tano, akalinakili, akaliita "jaribio", akapachika mkato mahali fulani kwa makusudi, kisha akaielekeza karakana isome hilo la jaribio. Alirekebisha msimbo, akabonyeza. Ikaanguka. Akarekebisha tena, akabonyeza. Saa nne na dakika hamsini programu ilipita moja kwa moja bila kujikwaa, na yeye akashusha pumzi. Mkuu alikuwa tayari amesimama mlangoni.

"Injinia, karatasi yangu?"

"Inatoka, Mkuu. Hii hapa inatoka."

Akabonyeza pembetatu mara ya mwisho, akatuma kwenye printa. Karatasi ikatoka na tarehe ya siku ile juu yake, kwa sababu tarehe programu iliichukua kwenye saa ya kompyuta. Visima arobaini na viwili, kama kawaida. Viwili vifungwe, kama mwezi uliopita. Cha kumi na saba, kilichopo mtaa wa washonaji, sifuri. Safi kabisa.

Kisanduku hakukirudisha. Kilibaki kimeelekea kwenye jaribio.

Chupa hakuiona karatasi ile. Alfajiri ya siku hiyo hiyo alikuwa ameondoka kwa ziara ya siku kumi ya visima vya mbali. Zamani, akikuta kisahani kibaya, alikuwa akikimbilia kwa Mkuu na kisahani chenyewe mkononi. Lakini mwaka uliopita alizua taharuki kwa kisima ambacho baadaye kilionekana hakina neno, na Mkuu akamkataza: matokeo yatoke kwenye taarifa tu. Kwa hiyo aliandika namba zake, akaiacha flashi mezani kwa mpwa wake, akaenda zake akiamini kwamba mashine itapiga kelele kwa niaba yake.

Siku ya tisa baada ya taarifa kutoka, muuguzi wa zahanati ya mtaa wa washonaji alipiga simu. Watu kumi na wanne wanaharisha. Kesho yake wakawa ishirini na sita, keshokutwa thelathini na mmoja, na mshonaji mmoja, mama mtu mzima, akapelekwa hospitali kuu akiwa hawezi hata kunyanyua kichwa. Kisima kikafungwa siku hiyo. Maji yakapimwa upya na maabara ya nje, na visahani vikatoka vya bluu tupu.

Kikao kiliitwa chumba cha Mkuu. Walikuwa wanne: Mkuu mwenyewe, muuguzi, Chupa na Injinia. Mkuu aliiweka taarifa ya mwezi wa sita katikati ya meza, akaweka kidole kwenye mstari wa kumi na saba.

"Mzee, hapa pameandikwa sifuri."

Chupa aliinama, akavaa miwani, akasoma, akaivua miwani. "Haiwezekani. Mimi nilihesabu sitini na nne. Nilihesabu mara mbili."

"Karatasi inasema sifuri."

"Naona. Lakini nilihesabu."

"Una kumbukumbu yoyote? Kijitabu? Lebo ya chupa?"

"Chupa zimeoshwa. Naandika moja kwa moja kwenye kompyuta, Mkuu, ndivyo mlivyotufundisha. Nikishaitia kwenye flashi, faili la maabara nalifuta."

Mkuu akamgeukia Injinia. "Na programu yako? Yaweza kubadilisha namba?"

Injinia hakuwa amekagua kitu. Kisanduku hakikumjia akilini hata kidogo. Alijua tu kwamba aliandika programu ile kwa miezi saba, akaijaribu kila upande, na kwamba inaheshimika. Akajibu haraka, kama mtu anayetetea mwanawe:

"Programu inasoma inachopewa, Mkuu."

Maneno manne tu. Kikao kizima kilimtazama Chupa, na Chupa akatazama mikono yake.

"Basi labda," alisema polepole, "labda niliandika vibaya. Au labda nilikihesabu kisahani cha kisima kingine. Sijui."

Alikuwa mtu asiyesema "sijui" kirahisi.

Injinia alirudi mezani kwake, na hapo ndipo alipoamua kukagua, si kwa wasiwasi, bali kwa kutaka kujua mjomba wake alikosea wapi. Alifungua faili la mwezi wa sita. Akashuka hadi mstari wa kumi na saba. Sitini na nne.

Aliusoma mstari ule mara tatu. Kisha akafungua mipangilio ya karakana, na kisanduku kikamwonyesha jina la faili linalosomwa: jaribio. Bila kufikiri akafunga lile dirisha, kama vile mtu amepita nyuma yake. Hakuna aliyepita. Watu walikuwa wameenda kula.

Angeweza kuinuka. Chumba cha Mkuu kilikuwa hatua ishirini kutoka pale, na Chupa alikuwa bado kwenye benchi la ukumbini, akiongea na muuguzi. Alijiambia: acha nipange maneno kwanza. Akapanga. Akajiambia: kesho asubuhi, akili zikiwa zimetulia. Kabla ya kuondoka alielekeza kisanduku kwenye faili la mwezi wa sita, akalifuta lile la jaribio, na alipolifuta alijua vizuri kabisa kwamba mtu asiye na la kuficha hafuti.

Asubuhi yake Mkuu alimkuta mlangoni. "Uliangalia kule kwenye mashine?"

"Niliangalia."

"Kwa hiyo ni huyu Mzee wetu tu." Mkuu akatikisa kichwa kwa huruma. "Umri ule, na jua lile la kila siku. Basi tutamtafutia kazi ya ndani."

Injinia hakujibu. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mkuu akauchukua ukimya wake kuwa jibu, akaenda nao.

Chupa akanyang'anywa pikipiki na kuwekwa kwenye sinki la maabara kuosha vyombo. Barua ikamtaka akapimwe kumbukumbu hospitali. Kila akipita kwenye ukumbi Injinia alisikia hatua zake, ambazo zilikuwa zimepungua kasi, na kila mara alijikuta ameinamia kibodi akichapa upuuzi ili aonekane ana kazi. Nafsi ilimsuta asubuhi, ikamsuta mchana. Hamu ya chakula ilimwisha. Alianza kusalimiana na mjomba wake akiwa anatembea, shikamoo ya mbali, ya mtu mwenye haraka, na yule mzee akiitikia marahaba kwa upole uleule wa siku zote.

Wiki ya pili mkazamjomba wake alimpigia simu.

"Mwanangu, hebu njoo umwone mjomba wako. Sijui nikuambieje. Jana ameniuliza kama amekula, na sahani ilikuwa bado mbele yake."

Alikwenda Jumapili alasiri. Kilichomshtua kwanza ni vikaratasi. Vilikuwa vimebandikwa kila mahali kwa gundi ya karatasi, kwa mwandiko ule wa Chupa wa herufi kubwa kubwa: mlangoni, NIMEFUNGA, kwenye jiko, NIMEZIMA, kwenye kabati la dawa, tarehe na saa zimepangwa kama kwenye daftari la maabara. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kochi, kalamu sikioni.

"Karibu, mpwa wangu. Unanivumilia nikirudia neno, ee? Nikirudia, niambie tu, Mjomba hilo umeshalisema."

"Hujarudia kitu, Mjomba."

"Ndiyo kwanza umeingia!" Akacheka, naye Injinia akacheka. "Sikiliza. Nataka unifanyie kitu. Niulize visima. Taja namba, nitakuambia kiko wapi na pampu yake ni ya rangi gani."

Akamuuliza. Tisa. Ishirini na tatu. Arobaini na moja. Sita. Chupa alijibu vyote bila kusita, na kwa kila kimoja akaongeza la ziada: hiki mnyororo wake umekatika mara mbili, pale kuna mama ana mbwa mkali, kile maji yake yana ladha ya chuma. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha jikoni, akisikiliza huku akitabasamu.

"Unaona?" Injinia alisema. "Uko sawa kabisa."

"Hayo ni ya zamani. Ya zamani hayapotei, wanasema. Yanayopotea ni ya juzi." Akaichukua kalamu sikioni, akaigeuzageuza. "Kinachonitisha ni kwamba vile vidoadoa naviona. Sitini na nne. Vingi vilikaa upande mmoja wa kisahani, kama watu waliogombea kivuli. Naviona hivi ninavyokuona wewe. Sasa kama vile havikuwepo, mimi nitajuaje kwamba wewe upo?"

Alisema kwa utani, lakini macho yake hayakutania. Injinia alifungua mdomo. Neno lilikuwa hapo hapo, nyuma ya meno. Mkazamjomba akasema, "Chai tayari," akaweka sinia mezani, na Injinia akapokea kikombe kwa mikono miwili kama mtu aliyeokolewa. Alikunywa, akaaga. Njiani alijiona mchafu, akatembea kutoka kwao hadi kwake, mwendo wa saa nzima, kwa sababu hakutaka mtu yeyote akae karibu naye.

Jumanne ya wiki ya tatu, saa nne asubuhi, Chupa aliingia ofisini kwake na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Una dakika? Nichapie barua. Mwandiko wangu siuamini tena, naweza kuandika sukari nikakusudia chumvi."

Akavuta kiti, akaketi kando yake, akaanza kusoma kwa sauti ya chini, taratibu, ili vidole vya mpwa wake vimfikie.

"Kwa Mkuu wa idara. Yah: Ombi la kustaafu kabla ya wakati. Weka mstari chini yake. Mheshimiwa, kwa kuwa kumbukumbu yangu imeanza kunitoka... umeandika?"

"Nimeandika."

"...na kwa kuwa kosa langu limewaumiza watu thelathini na mmoja, naona si haki niendelee kuaminiwa na..."

Vidole vikasimama.

"Na maji ya watu," Chupa akamalizia. Akangoja. "Imekwama mashine?"

"Mjomba, usistaafu."

"Tumeshaongea na mkeo wangu... na mke wangu. Unaona? Ulimi nao."

"Mjomba, ngoja. Ngoja nikuonyeshe kitu."

Alilifungua faili la mwezi wa sita, lile lile lililotoka kwenye flashi, akashuka hadi mstari wa kumi na saba, akaugeuza uso wa skrini umwelekee. Chupa akavaa miwani. Akasogea. Akaweka kidole kwenye kioo, jambo ambalo siku zote Injinia alilikataza.

"Kumi na saba," alisoma. "Sitini na nne."

"Ndivyo ulivyoandika. Ulihesabu sawa, ukaandika sawa. Mimi ndiye niliyekosea. Nilikuwa najaribu programu kwa faili la mwezi wa tano, nikasahau kuiambia irudi kwenye lako. Ilisoma la zamani. Taarifa nzima ya mwezi wa sita ni vipimo vya mwezi wa tano."

Chupa hakuelewa mara moja. Kisha alielewa, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo Injinia hakuwahi kuiona kwa mtu mzima. Alipiga meza kwa kiganja.

"Sitini na nne!" Akainuka, akazunguka kiti, akakaa tena. "Nilisema! Vilikuwa upande mmoja! Kumbe akili ninazo, mpwa wangu! Akili zangu ninazo zote!" Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na kwa dakika ile moja Injinia alidhani huenda mambo yataishia hapo.

Chupa alifuta macho kwa mkono wa shati. Kicheko kikaenda kikipungua chenyewe.

"Umeliona lini hili?"

Angeweza kusema sasa hivi. Angeweza kusema jana.

"Siku ya kikao. Baada tu ya kikao."

"Siku ile ile."

"Ndiyo, Mjomba."

"Nilikuwa nimekaa pale nje kwenye benchi."

"Nilikuona."

"Na Jumapili uliyokuja nyumbani. Ukaniuliza visima. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Nje mtu alikuwa anavuta kabati, miguu ya chuma inakwaruza sakafu. Chupa alipoongea hakupandisha sauti, na Injinia angependa sana angepandisha.

"Mke wangu hulala ameshika shati langu, asije akaamka nikawa nimetoka nikapotea. Wiki tatu." Aliikunja ile karatasi yake, akaitia mfukoni. "Kukosea ni kitu kingine. Mimi nimekosea mara ngapi. Ifute hiyo barua."

Injinia akaifuta, neno kwa neno, kutoka mwisho kwenda mwanzo, yule mzee akiangalia hadi skrini ikawa nyeupe.

"Sasa nenda kwa Mkuu. Mimi sikusindikizi."

Alikwenda. Zile hatua ishirini hakuzihisi miguuni. Mkuu alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akaketi.

"Nilikuuliza. Pale mlangoni nilikuuliza."

"Uliniuliza, Mkuu."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa. Nikasema kesho. Halafu kila kesho ikawa nzito kuliko ya jana."

Mkuu hakumfukuza, ingawa kwa siku nne Injinia hakujua kama atafukuzwa, na siku hizo alizipitisha akipanga vitu vyake kwenye boksi na kuvipangua. Alipewa onyo kali la maandishi, akaondolewa kwenye taarifa kwa miezi miwili, na maelezo yake yakasomwa mbele ya wafanyakazi wote, Chupa akiwa kiti cha mbele. Mkuu naye aliinuka akamwomba Chupa radhi hadharani, akamrudishia ufunguo wa pikipiki. Watu wakapiga makofi. Injinia naye alipiga, kisha akaona hastahili kupiga, akaacha mikono ikining'inia.

Sharti la mwisho alijiwekea mwenyewe: kwenda mtaa wa washonaji. Yule mama aliyelazwa alikuwa amerudi kwenye cherehani yake, amekonda, mguu juu ya kanyagio. Alimsikiliza bila kuacha kushona. Injinia alieleza faili, kisanduku, pembetatu, mpaka yule mama akainua mkono.

"Umekuja kunifundisha kompyuta?"

"Hapana, mama. Nimekuja kukuomba radhi."

Cherehani ikasimama.

"Siku tisa nililala pale. Kuna siku nilisikia wanaongea juu yangu kama sipo." Alikata uzi kwa meno. "Na nilipotoka, yule mzee wa chupa alipita hapa kwa miguu. Nilimtukana. Mbele ya mtaa mzima nilimwita muuaji. Hakujibu neno. Alivua kofia, akasema, nisamehe, dada."

Injinia hakujua hilo. Mjomba wake hakuwahi kulisema, si siku ile wala baadaye. Alisimama pale mlangoni, kichwa kimeinama, akatamani yule mama amtukane na yeye.

"Wewe sikutukani," alisema mshonaji, kana kwamba amemsikia. "Nimechoka. Yule mzee nitamtafuta mwenyewe. Nenda."

Programu ilibadilika. Injinia alikiondoa kile kisanduku kabisa, na kuanzia hapo kila taarifa ilibeba juu yake jina la faili lililosomwa na siku kila kisahani kilipohesabiwa, tena namba zikasomwa kwa sauti na watu wawili kabla ya karatasi kutoka. Hiyo ilikuwa sehemu rahisi. Kwa Chupa, shikamoo iliitikiwa, flashi ililetwa, kazi ilikwenda. Ila alikuwa akiiweka mezani taratibu, bila kishindo, akisema, "Ya mwezi huu," kisha anatoka. Mkazamjomba hakupiga simu. Mama yake Injinia, alipopata habari, alimwambia neno moja tu, "Kaka yangu?" akainuka akaenda kuanua nguo.

Mwezi wa kumi na mbili ilikuja simu, na aliyepiga ni Chupa mwenyewe. Alikuwa amekwenda hospitali kwa ile barua ya kupimwa, kwa kuwa miadi ilishawekwa na hakupenda kuivunja. Kumbukumbu walikuta ni nzima, lakini jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, na sasa zamu yake ya upasuaji imefika.

"Mtoto wa jicho," alisema kwenye simu. "Uzeeni hivi bado najifungua. Mke wangu amekwenda kwa dada yake. Inatakiwa mtu wa kunirudisha nyumbani."

"Nakuja, Mjomba."

Alingoja kwenye benchi la hospitali tangu saa mbili. Saa saba wakamtoa, jicho limefunikwa kwa pamba nyeupe na bandeji, kofia mkononi kwa sababu haikuingia juu ya bandeji. Walitembea ukumbi mrefu. Kwenye mlango wa nje Chupa alisimama.

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua, Mjomba."

"Nilidhani zitakuwa zimekwisha. Naamka asubuhi nazikuta."

"Najua."

"Siwezi kukuambia ni lini zitakwisha."

Mbele yao kulikuwa na ngazi tano za saruji, zilizoliwa pembezoni, na jua la mchana likiwaka juu yake. Chupa aliinamisha kichwa, akajaribu kuzipima kwa jicho moja, akashindwa kujua ya kwanza inaishia wapi.

"Nishike," alisema. "Mkono huo. Kaza."